Voisi ya Gari Jeupe

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimefika! Bodaboda kutoka Mkuyuni ilinishusha mara mbili nisukume. Matope hadi magotini — sketi ya kazini ndiyo basi tena. Chuo kimenipa wiki nzima huku juu, kufundisha watu wazima namna ya kuchuja habari za simuni. Mkutubi mimi, niliyezoea feni na kimya cha maktaba! Hapa hata chaji unaomba kwa mwenye sola.

Mwenyeji wangu ni Mama Cecilia, mjane, mkulima wa pilipili manga. Ana wajukuu wawili, wananichungulia mlangoni kama sinema. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza eti simu inaweza kusema uongo? Nikamwambia mama, simu haisemi, wanaosema ni watu. Akacheka. Nilijipenda kwa jibu lile.

Jumanne, 6 Mei

Darasa limefana. Tulikuwa kwenye banda la kigango, kanisa dogo la hapa, watu wamejaa hadi mlangoni. Mama Cecilia hakuja; yeye na wengine wengi walikuwa shambani.

Mfano wangu ndio uliowatikisa. Nilikwisha kurekodi voisi ya kutunga: mwanamke anahema, analia, anasema mumiani wameingia milimani na gari jeupe, wanachukua damu za watoto, mtumie kila unayempenda. Mwanamke mwenyewe ni mimi, nimebana pua. Nikawaambia haya, ichambueni. Kwanza waliogopa kweli, mama mmoja akamvuta mwanawe. Halafu maswali yakaanza, na kicheko. Hadi mwisho voisi ilibaki mifupa mitupu.

Aliyeng'ara ni Mzee Fransisko, mwenyekiti wa jumuiya, kikundi cha sala cha majirani. Sabini na kitu. Simu kaletewa na mwanawe, anaishika kwa mikono miwili kama kikombe cha chai ya moto. Aliacha shule darasa la nne. Leo kasema amerudi, na safari hii hatoki. Nilitaka kulia! Baada ya darasa akaniomba ile voisi, awapime wasiokuja. Nikamtumia palepale. Mwanafunzi anaomba zoezi la nyumbani mwenyewe — nani angemnyima?

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Nimefundisha habari za picha za zamani zinazorudishwa kama mpya.

Jioni wote wamekwenda kusali jumuiya, mimi nikabaki kukausha viatu jikoni. Mama Cecilia karudi kimya. Kafunga mlango kwa komeo kabla giza halijaingia. Kulikoni, mama? Kasema mvua tu.

Ujumbe wa chuo umepenya: Twalibu dereva atakuja kunichukua Ijumaa, bodaboda hazipiti tena. Afadhali.

Alhamisi, 8 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi darasani hapakuwa na mtu. Hata mmoja! Nikadhani msiba. Nikaenda shule ya msingi ya jirani kuuliza. Kimya na huko. Mwalimu mmoja alikuwa peke yake ofisini, akasema wazazi wamezuia watoto. Kisa? Mumiani. Wana gari jeupe. Nilijua ananitania. Akafungua simu, akanisikilizisha.

Pua iliyobanwa. Kilio. Mimi!

Nilikaa kwenye dawati la mtoto nikaisikiliza hadi mwisho.

Nilikwenda kwa Mzee Fransisko mbio mbio. Masikini, nilimkuta naye hana rangi. Kumbe aliipiga voisi mwisho wa jumuiya, wakati wa matangazo. Alitaka iishe ndipo aulize maswali, kama nilivyofanya mimi. Lakini wakati wa matangazo nani anauliza? Hapo ndipo zinapotangazwa ndoa, mazishi, siku ya kuzibua mitaro. Tangazo likiisha, watu wanapiga ishara ya msalaba, wanaimba, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kusimama jumuiyani kuuliza kama tangazo ni la kweli! Mzee alipaza sauti, wimbo ukamfunika. Na mtu alikwisha kuirekodi kwa simu yake. Sasa inasikika hadi Matombo.

Nikasema tuzunguke nyumba kwa nyumba, leo hii. Tumezunguka. Wanasikiliza, wanasema sawa Madamu Martina, wanafunga mlango. Mama yuleyule aliyemvuta mwanawe siku ya darasa kanijibu bila kunitazama: mimi mwenyewe niliwaambia wasimwamini mtu kwa sababu tu ana cheo au anaongea vizuri. Basi haniamini.

Jamani! Nilifundisha vizuri mno.

Jioni nikiwa nakunja nguo ndipo nikakumbuka. Gari la chuo. Ni JEUPE.

Nimempigia Twalibu, hapatikani. Nimempigia tena. Nimemwandikia usipande, ishia Mkuyuni, nitakueleza. Tiki moja tu. Twalibu hana habari yoyote! Anajua anakuja kumchukua madamu na masanduku yake, basi. Ana mke Mlali na mtoto anayetambaa.

Naogopa.

Ijumaa, 9 Mei, asubuhi

Nimepanda hadi kwenye mikarafuu kutafuta netiweki. Nimempata mtu wa chuo: Twalibu kaondoka alfajiri, simu yake iliingia maji jana. Mungu wangu.

Mtendaji wa kijiji, Bwana Stephano, ameelewa. Amepiga polisi. Wanasema wanakuja ila barabara imekatika, watatembea. Yeye mwenyewe ameshuka na pikipiki, hata kwa kuisukuma, amzuie Twalibu njiani. Mimi kaniambia nisitoke.

Nimekaa. Siwezi kukaa. Mama Cecilia kanipa uji, nimeurudisha.

Ijumaa, mchana

Tumo ofisi ya kijiji, mimi na Twalibu. Stephano katufungia kwa nje, yuko mlangoni. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga kelele.

Kengele ya kigango ililia saa isiyo ya misa. Nilitoka mbio, sikukumbuka hata viatu. Twalibu alikuwa amekwepa tope, kapita njia ya juu ya mashamba, ambako hakujakatika. Yeye na Stephano hawakuonana. Alifika dukani akasimama kuuliza nyumba ninayokaa. Kawauliza nani? Watoto! Akashusha kioo, akawaita.

Nilipofika gari lilikuwa limezungukwa, matairi hayana upepo. Mapanga tunayaona huku kila siku, lakini yale hayakuwa ya shambani. Twalibu ndani, damu kwenye nyusi. Alikuwa na kisanduku cha barafu, cha soda zake. Mtu akasema ndimo damu inamohifadhiwa. Wakakifungua, zikamwagika Fanta na maji. Mwingine akasema wameificha kwingine.

Mzee Fransisko alikuwa ameegemea mlango wa gari, mikono kaitandaza, anawaambia kosa ni lake, wampige yeye. Wanamwondoa kwa adabu, baba tupishe. Anarudi.

Nikapanda kwenye kichuguu. Nikapiga kelele kwamba ile voisi ni yangu, niliitunga ya kufundishia, hakuna mumiani. Wengine wakaguna. Basi nikabana pua, nikalia, nikayasema maneno yaleyale mbele yao. Waliitambua! Nikajua yameisha.

Ndipo mzee mmoja, Bartholomeo, akauliza taratibu, wala hana hasira: "Kumbe ni wewe. Ya juzi sauti yako, ya leo sauti yako. Na gari jeupe limekuja kukuchukua wewe. Sasa mwanangu, sisi tushike ipi?"

Nikashuka kichuguuni nimkaribie.

Stephano kafika wakati huo, na pikipiki yake katikati ya watu, akatusukuma humu.

Polisi bado. Twalibu amekaa sakafuni, nimemfunga nyusi kwa kitenge. Ameniuliza mara moja tu kuna nini, nimemweleza. Ameomba maji tu. Afadhali angenitukana.

Nje namsikia Mama Cecilia. Sauti yake kubwa, sikujua anayo. Anawaambia nimelala kwake wiki nzima, nimekula naye, wajukuu wake nimewapa hata peremende, na hawana mkwaruzo. Watu wametulia. Wanamsikiliza! Yeye ni wao.

Mtu kamwambia basi waite tuwaone.

Hajibu. Najua kwa nini hajibu. Aliniambia asubuhi akinipa uji: jana kabla sijaamka aliwavusha mlima, kawapeleka kwa shangazi yao, kwa kuiogopa voisi yangu. Ni mwendo wa kutwa kwenda na kurudi, hawawezi kuletwa sasa hivi.

Sasa anasema wapo, wapo salama, wapo kwa shangazi yao. Wanamuuliza nani amewaona.