Wifi Yangu Huruka kwa Sauti Yangu

Shikamoo mshauri, mpendwa wa sisi tunaoanza gazeti kwa ukurasa wa nyuma, naomba unisaidie kabla sijaharibu kitu kisichotengenezeka, maana nimefika mahali najiogopa mwenyewe, na nyumbani hakuna wa kumwambia kwa sababu wa kuambiwa ndiye mwenye kesi.

Mimi ni mrukaji. Kazi yangu ni kupanda ngazi za mnara wa bwawa hadi jukwaa la juu kabisa, lile la mita kumi, nikajirusha, nikajikunja na kuzunguka hewani, halafu nikaingia majini kichwa kwanza bila kurusha maji, na waamuzi wakanipa alama. Nimeanza nikiwa mdogo hata ngazi zenyewe nazipanda kwa magoti, na kwa miaka mingi jukwaa lile lilikuwa kama chumba changu, ukisema mrukaji wa kike wa juu ulikuwa unanisema mimi, na kaka yangu alikuwa anakaa kwenye viti vya watazamaji anapiga kelele mpaka mlinzi anamwonya.

Basi nilikuwa na rafiki, tukifundisha pamoja watoto kuogelea, yeye anapenda ubao wa kurukia wa chini tu, nikamwambia shoga twende nikuoneshe juu, nikamfundisha kusimama, nikamfundisha kufuta miguu kwa kitaulo ili mikono isiteleze ukijikunja, nikamshika mkono siku ya kwanza alipotetemeka pale ukingoni, nikamleta nyumbani tule, kaka akamwona, na kufumba na kufumbua rafiki yangu akawa wifi yangu. Nilicheza kwenye harusi yao mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Sikujua namkaribisha nani.

Maana wifi amenipita, mshauri. Kocha anamwita Unyoya kwa jinsi anavyoingia majini, maji yanafumba juu yake kama hakuna kilichopita, na mimi niliyemfundisha nakuja nyuma yake namwaga nusu ya bwawa. Kaka bado anakuja kutazama lakini kelele ni za mke wake, akinikumbuka mimi ananipigia makofi kama mtu anayefukuza kuku. Mama naye, mama yangu mzazi, ametoa ukutani picha yangu nikiwa na medali akaweka ya mkwe wake iliyotoka gazetini, na msumari ni ule ule. Nilipouliza akasema, "Yako imepauka mwanangu, nitaitafutia fremu." Mpaka leo iko nyuma ya kabati. Nina wivu, sifichi, wivu wa kunikosesha usingizi, nikimwona anakausha nywele nazichukia hata hizo nywele, na kibaya zaidi yeye ananipenda, hapati kitu kizuri asinigawie.

Sasa nikueleze jambo la mchezo wetu ndipo utanielewa. Mtu akijifunza mruko mpya hajui bado ajinyooshe lini, amejikunja anazunguka kasi, anaona taa, maji, taa, maji, hatambui yuko wapi. Kwa hiyo mwenzake anasimama chini kando ya bwawa, anamtazama, na wakati ukifika anampigia kelele neno moja tu, "Sasa", naye anajinyoosha hapo hapo bila kufikiri. Neno likiwahi au likichelewa anaangukia tumbo au mgongo, na maji kutoka kimo kile si maji tena, ni sakafu. Siku ya mashindano hakuna kuitiwa, ila mazoezini ndiyo namna yetu. Mimi naitiwa na kocha. Wifi anaitiwa na mimi tangu alipoanza, kocha aliwahi kujaribu, wifi akajinyoosha ovyo, kocha akasema basi, sikio likishazoea sauti usiliguse.

Mwezi ujao kuna mchujo, na timu inachukua mwanamke mmoja tu wa jukwaa la juu kwenda kwenye mashindano makubwa. Bega langu limeanza kulalamika, nikiikosa safari hii najua nyingine sitaiona. Wifi ameanza mruko mpya ambao mimi siuwezi, na akiuweza, nafasi imekwenda.

Wiki iliyopita akapanda, akafuta miguu, akatupa kitaulo chini kama tunavyofanya wote kabla ya kuruka, kikaangukia karibu na mguu wangu, kile cha njano nilichompa mimi, na kaka pale kwenye viti alikuwa amesimama kabisa. Wifi akaninyooshea dole gumba, akaruka. Nikamwona anazunguka, na vizuri, mshauri, vizuri kuliko nilivyowahi kuzunguka mimi, uso wake ukapita, ukapita tena, mdomo nilishaufungua, na neno halikutoka. Lilitoka baadaye kidogo, kufumba jicho tu, lakini kule hewani kufumba jicho ni safari. Akajinyoosha nilipomwita, kama anavyonitii siku zote, akapiga maji kwa mgongo. Ule mlio nausikia hata nikiwa naosha vyombo. Nilijirusha na nguo zangu kumtoa, anakohoa, mgongo mzima mwekundu, daktari akasema hakuna kilichovunjika ila apumzike.

Unajua alisema nini? Amelala kifudifudi kwenye benchi, barafu mgongoni, akanishika mkono akasema, "Wifi nisamehe, nilichelewa mimi kukusikia." Kaka akanikumbatia na maji yangu yote, akanishukuru kwa kumwokoa mke wake. Na mimi nikanyamaza, nilipoulizwa mbona huongei nikasema koo linaniuma kwa zile kelele. Tangu hapo kila asubuhi wifi ananiletea chupa ya maji ya moto na asali, anakuja anatembea kama mzee kwa maumivu, ati koo langu lipone kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu anarudi juu na hataki kuitiwa na mtu mwingine.

Naomba uniambie ukweli, ule ulikuwa wivu au nilisahau tu, maana mimi mwenyewe sijui, na je, niendelee kusingizia koo mpaka mchujo upite, au nimwitie na safari hii nijitahidi, au nimwambie, na kama ni kumwambia nimwambie lini, kwa sababu ndoa ya kaka, na mama, na kocha, wote wamekaa juu ya neno hilo moja. Watu watasema mawifi ndivyo walivyo. Mimi sikuwa hivyo, mshauri.

Wako,
Mwenye Koo Bovu

*

Mwenye Koo Bovu, marahaba.

Pole naitanguliza, kwa sababu nitakayosema mbele hayana pole ndani yake. Kupitwa na mtu uliyemshika mkono kunauma, na asikudanganye mtu kwamba hakuumi. Mama yako naye amekosea, mwambie nimesema mimi, ukuta una nafasi na misumari inauzwa. Wivu kila mtu anao. Mimi nina jirani ambaye maua yake hayafi hata asipoyamwagilia, na sijamsamehe. Wako ungebaki tumboni ningekwambia uoge ulale. Lakini umepanda mpaka kooni ukakaa mlangoni, na mtu akaumia.

Unaniuliza kama ulisahau. Mwanangu, usinifanye mtoto. Soma barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba mdomo ulishaufungua. Aliyesahau hafungui mdomo. Ulijua wakati umefika, ukauona uso wake, ukamwona kaka yako amesimama, ukangoja. Hukungoja sana, nakubali, na huenda hukupanga, na ulijitupa majini na nguo zako, hilo nimeliona na ndilo linalonifanya nikujibu kwa upole huu. Ila kusahau haikuwa, acha kulitafutia jina zuri.

Kuogelea mimi sijui, hata beseni naliingia nimeshika ukuta. Lakini nilichokielewa ni kwamba yule binti akiwa anazunguka haoni, na macho yake amekukabidhi wewe. Hakumpa mumewe, hakumpa mama mkwe wake, hata kocha alimkataa. Wewe umekaa unahesabu makofi ya kaka na picha za ukutani, na kitu kikubwa kuliko vyote umepewa wewe na hukioni.

Hilo la koo likome. Kila chupa ya asali unayoinywa unaongeza uongo juu ya uongo, na unamwacha mgonjwa anamuuguza mzima. Wala usiniambie utamwitia "ujitahidi". Siku ile ulikuwa umekusudia nini, kuzembea? Usimwitie. Si Jumatatu wala siku nyingine yoyote, mpaka ajue alichofanyiwa, halafu aamue kwa akili yake kama sauti hiyo bado anaitaka. Asipoitaka, mwombe kocha aanze naye upya ubao wa chini, polepole, sikio lijifunze sauti nyingine. Na kama mgongo au mafunzo hayo yatamkosesha mchujo, wewe pia usiingie. Najua bega lako, najua safari ni ya mwisho, nimesoma. Nafasi iliyopatikana kwa mgongo wa mwenzio haikaliki, utaikalia kwa upande mmoja maisha yako yote. Akipona, ingieni wote wawili, na akikushinda shindwa kama mtu mzima, umpe kitaulo.

Mwambie uso kwa uso, ameketi, miguu yake iko sakafuni. Usimpigie simu, usimtume mtu, na usingoje awe ameshika ngazi. Usianze na picha wala bega wala mama. Anza hivi: "Hukuchelewa kunisikia. Mimi nilichelewa kukuita, na nilichelewa kwa wivu." Kisha nyamaza. Na tafadhali usilie wewe kwanza, kwa sababu kwa jinsi ulivyomwelezea yule, atainuka na mgongo wake ule ule akubembeleze, na mtakuwa mmerudi pale pale. Akikufukuza, toka. Kaka yako aisikie siku hiyo hiyo kutoka kinywani mwako, na kocha vilevile. Wakikununia mwaka mzima, nuniwa. Mawifi kugombana si habari, watu wataona kawaida. Nyinyi wa ndani tu ndio mtakaojua kwamba safari hii mmoja wao alikuwa na haki ya kununa.

Umeogopa ndoa ya kaka yako, umeogopa mama, umeogopa kocha. Kuna jambo moja hukuliogopa na ndilo lililonitoa jasho nilipokuwa nasoma. Wifi yako anaamini sikio lake ndilo lililochelewa. Amekuomba msamaha kwa kosa lisilo lake, na siku zote hizi amelala anajilaumu. Mtu asiyeamini sikio lake atafanya nini akipanda tena? Atajihami. Atajinyoosha kabla hajaitwa, ili asichelewe tena, na siku hiyo hata kocha aite vizuri namna gani, hata uite wewe kwa moyo safi, hakuna sauti itakayomwahi. Kwa hiyo usidhani ukikaa mbali na bwawa utakuwa umemwokoa. Ukweli wako ndio utakaomrudishia sikio lake, na hakuna mwingine anayeweza kumpa.

Umeniuliza umwambie lini. Mtu mwenye kazi kama yako haniulizi mimi swali hilo. Neno unalijua, ni lile lile ulilochelewa kulisema.