Mbegu za Pilipili za Mama Yako

Mpwa wangu,

Habari za huko? Sisi huku wazima, na mimi ndiye mzima kuliko wote.

Mwaka jana pilipili zangu zilikuwa kali mpaka mbu wakahama mtaa. Mbuzi wa jirani alionja moja, akakimbia moja kwa moja kituo cha polisi kujisalimisha. Watu wakamiminika kuomba mbegu. Zilikuwa bado mbichi, na mimi kungoja jua siwezi, nikazikausha kwenye kikaango. Moto mdogo tu. Zilinukia vizuri ajabu.

Nikagawa nyumba kumi na moja. Huu mwezi wa pili tangu wapande, hakuna kilichoota. Juzi fundi cherehani kanisimamisha mbele ya wateja wake: “Mzee, ulitugawia mbegu au bisi?”

Nikamjibu, “Mbegu bora haina haraka, bwana.”

“Haina haraka, au haina uhai?”

Walicheka mpaka cherehani ikasimama.

Sasa mpwa wangu, hili usimwambie mtu. Na zangu zilikuwa kikaangoni humo humo, zote. Ni zile marehemu mama yako alizotunza miaka ishirini, akaniachia mimi kaka yake. Duniani zimebaki zile nilizokufungia ulipoondoka. Nirudishie kumi. Hata sita zinanitosha.

Na kama ulishazitupa, usinijibu upesi. Niache kwanza niendelee kwenda posta kuuliza.

Ni mimi mjomba wako,
Bingwa wa pilipili, kwa sasa bila mche