Serikali Itaingia Sokoni

Jumatatu, 4 Agosti
Barua kutoka juu imefika ofisini kwetu, ushirika wilayani. Masoko ya hisa ya nje yameanguka, bei ya kahawa nayo chini. Kwa hiyo Serikali itaingia sokoni, inunue yenyewe mpaka bei ipande. Itaingia sokoni — maneno matamu! Nimeduwaa dirishani, ukungu umemeza Mbinga yote. Bosi kaniita mara mbili.

Jumatano, 6 Agosti
Kijijini Matiri, mkutano wa wakulima. Nilisema vizuri, jamani! Mzunguko wa fedha, uchumi kuamka... makofi. Kisha Mama Otilia, mjane, akanivuta pembeni. Ana magunia sita. Florian mnunuzi kafika na mizani, anatoa bei ya kutupa. Auze? Bintiye Beata anatakiwa chuo cha uuguzi tarehe 18, na ada ni hiyo kahawa. Nikamwambia asiuze, asubiri. Sikufikiri sana. Nilikuwa naangalia ukungu ukijaa kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo ya mlimani.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, hakuna kazi. Mbamba Bay na Dorah tunayekaa naye nyumba moja. Miguu majini, ziwa limelala. Dorah kauliza kama naiamini ile barua. Kabisa! Kichwani nilishamvika Beata sare nyeupe.

Jumatano, 13 Agosti
Nimepiga simu mkoani. Fungu la fedha za kununulia bado halijatoka, tuvute subira. Florian kaondoka Matiri, lori limejaa. Naogopa.

Jumamosi, 16 Agosti
Sokoni Mbinga, kununua nyanya na usipa, dagaa wa ziwani. Kwenye benchi, Mama Otilia na Beata! Magunia sita kando yao, meusi kwa vumbi — lori la makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka ndilo lililowabeba. Wapo tangu Alhamisi.

Shikamoo, mama. Marahaba. Wanangoja nini? Akasema nilitangaza mwenyewe kwamba Serikali itaingia sokoni, basi yupo hapa ikiingia ianze na yake. Nilitaka kucheka. Beata alikuwa kavaa viatu vipya, na begi la chuo miguuni. Nikaona aibu. Nikaanza kueleza kwamba ni lugha ya ofisini tu, maana yake...

"Mbona imeshaingia, afisa? Serikali si wewe?"

Mama Otilia akasogea, akanipa nafasi nikae. Naandika hapa hapa benchini. Simu ya mkoani inaita tu, leo Jumamosi. Kesho kutwa ndiyo chuo.

Beata kaniuliza kwa adabu: "Dada, tufungue magunia uikague kahawa?"

Ameshika kamba ya gunia la kwanza —