Jina la Kuol

Jumamosi, 14 Juni. Mtaa wa Mangateen. Mvua imekatika saa nne na bati bado linadondosha maji. Leo nimejiapia kuandika yote, hata yale yanayonitia aibu.

Wiki tatu zilizopita binamu yangu Kuol aliuawa kwenye kambi ya ng'ombe, wavamizi walipokuja alfajiri. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Hakuwa na mke wala mtoto.

Siku mbili baada ya habari kutufikia, Baba Mdogo, ambaye ndiye baba yake Kuol, alisema damu hiyo italipwa. Kaka yangu Majok akasimama, akasema ataenda.

Aibu yangu ni hii: nilifurahi. Siku mbili nzima nilikuwa naogopa hata kufumba macho. Majok aliposema ataenda, hofu ikanitoka, nikalala vizuri.

Nililala kwa sababu sasa wangekufa wao, si sisi.

Tangu hapo naitazama nyumba yetu tofauti. Mama anaenda kanisani kila jioni, na wimbo ukifika kwenye uzima wa milele anaimba kwa nguvu kuliko wote, kama anayebishana na mtu. Baba Mdogo anataja majina ya mababu mmoja mmoja. Akifika kwa Kuol anaanza upya. Mimi naandika hapa. Nadhani sote tunaogopa kitu kimoja, na kila mtu ana dawa yake. Ila dawa ya Majok inaua watu.

Kwetu kuna njia nyingine. Mtu akifa bila mtoto, ndugu yake huoa kwa jina lake. Mke anakuwa wa marehemu, na watoto wanaitwa watoto wake. Juzi Baba Mdogo alisema amechoka kuzika. Majok akikubali kuoa kwa jina la Kuol, Baba Mdogo mwenyewe atawazuia vijana wanaotaka kwenda kulipiza kisasi.

Namfikiria pia huyo msichana mwenzangu, labda wa umri wangu, atakayeitwa mke wa mtu ambaye hatamwona kamwe.

Jana nilimfuata Majok mtaa wa Hai Cinema, anakolala kwa rafiki yake tangu agombane na Mama.

"Yaani wenzangu waende, mimi nibaki hapa bwana harusi?" alisema. "Kalas, imetosha, Ayen. Nishaamua."

"Na wewe ukiuawa, nani ataoa kwa jina lako? Sina kaka mwingine."

"Utaoa wewe. Si umesoma?"

Rafiki yake alicheka sana. Majok hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Tangu hapo hapokei simu zangu. Lakini najua anasoma hapa. Ndiye aliyenifungulia blogu hii tulipokuwa bado Nakuru, na hajawahi kuruka hata siku moja.

Kwa hiyo, Majok, kuanzia hapa nakuandikia wewe.

Gari lenu la kwenda kulipiza kisasi linaondoka Jumatatu, kabla mvua haijafunga barabara. Sikuulizi kama unaogopa. Mimi naogopa, na kusema hivyo hakujanipunguzia chochote. Kesho baada ya ibada Baba Mdogo anakuja nyumbani kusikia neno lako, na wewe hutakuwepo. Nitakayeulizwa ni mimi.

Nijibu hapa chini, leo hii: nikimwambia umekubali, nitakuwa nimemdanganya?