Kidole Kimoja, Wiki Moja

Nyakato, Mwanza

Kwako dada yangu Leokadia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ni ndefu. Hamjambo hapo Kasulu? Mguu wa shemeji umepona? Maharage ya msimu huu mmeyawahi, au yameozea shambani kama ya mwaka jana? Mimi ni mzima, lakini safari hii neno hilo lina habari nyuma yake, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungelia, nami ningekata.

Dada, nilipasuliwa tumbo. Ni miezi mitano sasa. Ile mara niliyokuambia simu yangu imeharibika, nilikuwa wodini.

Ilianza na maumivu kila nikila. Nikadhani ni vidonda vya tumbo, nikawa nanunua vidonge duka la dawa. Baadaye choo kikawa cheusi kama lami, nguvu zikaniisha. Kazi yangu unaijua, kubeba magunia ya mashudu ya pamba kutoka kiwandani hadi kwenye malori. Nilivumilia karibu mwaka mzima, mpaka siku nilipoanguka na gunia mgongoni. Hospitali waliniongeza damu, wakanipiga picha, wakaona uvimbe kwenye utumbo mwembamba, mkubwa kama embe. Wakanipasua kuanzia juu ya kitovu kwenda chini, wakakata kipande cha utumbo chenye uvimbe, wakaunganisha ncha mbili zilizobaki. Waliniambia wameutoa wote, ila lazima nirudi kupimwa mara kwa mara.

Ningeweza kuishia hapo, lakini siwezi. Kuna mwenzangu kazini anaitwa Masanja, mtu wa Misungwi, tunabebeshana magunia tangu nilipofika hapa. Nilipopona akanivuta pembeni, akaniambia na yeye choo chake kimekuwa cheusi. Ni mimi niliyemwambia, "Achana na vidonge vya dukani. Nenda kapimwe leo." Akaenda, wakamkuta na uvimbe kwenye utumbo mwembamba kama mimi. Daktari mwenyewe alishangaa, akasema ugonjwa huu hauonekani sana, na sasa wawili wametoka kundi moja la wabebaji. Ila wa Masanja ulikuwa mdogo, kama ndimu changa.

Yeye hawakumpasua kama mimi. Walimtoboa matundu madogo manne, wakaingiza kamera na vifaa vyembamba kama spoku za baiskeli, daktari anakata huku anatazama kwenye runinga. Tundu la kitovuni tu ndilo walilipanua kidogo, kutolea kile kipande. Siku ya pili nilikwenda kumwona na mfuko wa machungwa, nikamkuta amesimama dirishani anacheka. Mimi siku ya pili nilikuwa siwezi hata kukohoa! Siku ya tano akaruhusiwa. Na muda wote huo mkewe alikuwa anatoka Pasiansi asubuhi na jioni na chupa ya uji, anamfuta uso, anamwita "baba Kulwa" kwa sauti ya bibi harusi. Mimi uji niliuona kwenye kitanda cha jirani.

Niliona wivu, dada. Ulinikaa kifuani hadi yale machungwa nikarudi nayo nyumbani, nikayala mwenyewe.

Siku hiyohiyo ya machungwa nilimfuata daktari koridoni. Nikamwambia, "Daktari, mimi nilikosa nini? Mwenzangu matundu, mimi mmenipasua kama sangara."

Hakukasirika. "Wako ulikuwa mkubwa, umeshikamana na nyama nyingine. Usingepita kwenye tundu. Mwenzako amewahi." Kisha akasema, "Usidanganywe na ngozi. Ndani tumemkata na kumuunga kama wewe. Asibebe mzigo mzito wiki nane."

Nimeyaandika alivyoyasema, kwa sababu niliyasikia vizuri.

Sasa, kwetu kazini mtu akitoka hospitali hufunua shati mbele ya nyapara, kidonda kinapimwa kwa upana wa vidole. Kidole kimoja, wiki moja ya kukaa chini kushona midomo ya magunia badala ya kubeba. Mpango huo waliuweka wabebaji wenyewe zamani, ili watu wasijifanye wagonjwa. Mimi nilipata vidole kumi na viwili, na hakuna aliyenung'unika. Masanja alipofunua shati, watu walicheka.

"Hii operesheni au umeumwa na mbu?" mmoja akauliza.

Nyapara akaweka vidole kitovuni. "Viwili. Hayo matundu mengine hatuhesabu. Wiki mbili."

Masanja akatoa karatasi ya daktari, ya kupumzika wiki nane. Nyapara hakuipokea. "Karatasi haina kidonda, baba. Siku hizi kila mtu ana karatasi." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe hospitali unaijua. Huyu amekatwa ndani kweli, au wamemchokonoa tu?"

Wote wakanitazama. Masanja naye akanitazama, anatabasamu, hana wasiwasi na mimi.

Nikasema, "Si mnauona wenyewe ukubwa wa kidonda?"

Hayo tu, dada. Sikuongeza neno.

Wiki mbili zikaisha, akarudi kubeba, maana kwetu asiyebeba halipwi. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kushona, tukawekwa zamu moja, hivyo mimi ndiye niliyekuwa namnyanyulia gunia. Siku ya tatu, akiwa kwenye ubao wa kupandia lori, alipiga ukelele, gunia likaanguka, akajikunja. Pale kitovuni palikuwa pamevimba kama ngumi. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia, utumbo ukapenya ukabanwa. Safari hii hapakuwa na matundu. Walimpasua tumbo zima.

Nikuambie na hili, maana ukweli nusu ndio ulionifikisha hapa. Niliposikia kwamba sasa ana kidonda kirefu kama changu, kitu cha kwanza kilichonipitia moyoni hakikuwa huruma. Niliridhika. Kilipita upesi, lakini kilipita.

Juzi nilikwenda wodini. Mkewe alikuwa anampepea kwa kanga. Niliwaambia wote wawili maneno ya daktari, na kwamba niliyajua siku ile nyapara aliponiuliza.

Mkewe akasimamisha mkono. "Ulijua? Ukajua, na bado ukamnyanyulia gunia?"

"Nilijua, shemeji."

"Usiniite shemeji."

Masanja alimshika mkewe mkono. Halafu akasema, "Ulipolazwa nilikuja mara moja tu. Nilidhani una watu wako."

"Hapa sina mtu."

"Hukusema," akasema, akageukia ukutani.

Sijui kama amenisamehe. Daktari anasema atapona. Jana nilimwambia nyapara pia, mbele ya kundi zima, kwamba kidonda hakipimwi kwa vidole. Mmoja akanitemea mate miguuni. Nyapara alisema kuanzia sasa atasoma karatasi. Kumbebesha Masanja gunia tena sitegemei, hata akirudi, na sina haki ya kulalamika.

Lakini lile neno lake nimerudi nalo. Kweli sikusema, hata kwako wewe uliyenilea. Basi nasema sasa: mwezi ujao narudi kupimwa kama uvimbe umeota tena, na naogopa. Njoo, dada. Usibebe kitu chochote. Ukae tu kwenye benchi la nje, nikitoka nikukute.

Nisalimie shemeji Venansi, na mama mdogo Anastazia anayekusaidia watoto, na wanao, wajomba zangu wote wawili, uwaambie mjomba wao bado anawakumbuka kwa majina. Baba mkubwa usimweleze habari ya tumbo mpaka tupate majibu, moyo wake hautaiweza.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuhitaji,

Yohana