Kunde Ametoboa Kizimba

Jumapili, Voi. Joto la leo linakausha mate mdomoni, na upepo unaotoka upande wa mbuga umeleta vumbi tu. Naandika nikiwa nimeketi sakafuni, mgongo ukutani, simu mkononi. Mkikuta herufi zimerukwa mnisamehe, kila baada ya mstari natazama kizimbani.

Kwa mnaofika hapa mara ya kwanza: mimi nauza nafaka. Kibanda kiko sokoni, stoo iko hapa nyumbani, chumba cha mwisho cha mawe. Panya ni adui yangu wa miaka mingi. Nimewahi kumwaga gunia zima la ndengu kwa sababu walilikojolea, na siku hiyo sikula. Kwa hivyo mkisikia kwamba nyumba hii ina panya wawili wa kufugwa, chekeni tu. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipoona hawaondoki.

Ni wa Wakesho, kitindamimba wangu, aliyemaliza kidato cha nne na anangoja kuitwa chuoni. Alipewa na rafiki yake aliyehama. Mmoja ni mweupe, mwingine wa kahawia mwenye tumbo jeupe, wote majike. Akawaita Mchele na Kunde, majina ya bidhaa zangu, akijua vizuri anachofanya. Mtoto huyo anaweza kuniuza sokoni na nikamshukuru.

Kilichotushinda tangu mwanzo ni kizimba.

Walikuja ndani ya ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Wakesho akasoma, akauliza watu wa mitandaoni, akaja na masharti yake. Wapate nafasi ya kupanda na kushuka, ghorofa mbili au zaidi. Sakafu isiwe wavu mtupu, nyayo zao huumia. Hewa ipite. Na matundu yawe madogo, maana panya kichwa kikipita, mwili wote umepita. Hilo la mwisho nilikuwa nalijua kabla yeye hajazaliwa. Nimeziba mashimo ya stoo ile kwa saruji na vipande vya chupa nikiwa na mimba yake.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Palikuwa na watu wamekaa kivulini wakingoja kazi zao, na wawili kati yao ni wateja wangu. Fundi akaniuliza kizimba ni cha nini. Nikasema vifaranga.

Akanionyesha viwili. Kimoja kilikuwa na wavu mdogo, mgumu, safi kabisa, lakini hakikuzidi sanduku la nguo. Kingine kilikuwa kipana na kirefu, ila wavu wake ni ule wa kuku, mkono wa mtoto unapita. Kama ningesema ukweli, angechukua kile kipana akakivalisha wavu mdogo, na mambo yangeishia hapo. Lakini muuza nafaka atamke mbele ya wateja wake kwamba anatafutia panya nyumba? Nikasema nitarudi, nikaondoka na haya zangu.

Ndipo kaka yangu Mwakio, anayekaa upande wa Mwatate, aliposikia. Huku kwetu mkonge umejaa hadi macho yanachoka. Ukizeeka, unachomoza mti mrefu katikati, na mti huo ukikauka tunaujengea kila kitu: jiko la nje, ua, banda la kuku. Ni mwepesi na ni wa bure. Mwakio akaleta kizimba cha miti hiyo, imepangwa ubavu kwa ubavu hata ukucha haupenyi, na mbele mlango wa wavu mdogo. Ghorofa mbili, ngazi, na chumba cha kulala pembeni. Mbuzi mchanga angekaa humo akashukuru. Majirani walikuja kukitazama.

Wakesho alikizunguka mara kadhaa. Kisha akabonyeza ukucha kwenye mti mmoja, ukaingia. Akasema hii ni laini, Mama. Nikamjibu kwamba kuku wa mjomba wake wamelala kwenye banda la mkonge miaka yote na hakuna aliyewahi kulitoboa. Akawahamishia humo.

Kuku hana meno.

Wazo hilo limenijia leo asubuhi, likiwa limechelewa.

Wiki iliyopita Wakesho alipanda Wundanyi kumuuguza nyanya yake aliyeteguka nyonga. Akiwa mlangoni na begi lake alinishika mkono. Huyu si mtoto wa kushikashika watu, kwa hivyo nilisikiliza. Akasema, "Mama, nakuachia. Ila usiwaweke stoo, hata kama ni kwa muda kidogo tu." Nikamwambia aende kwa amani.

Sasa jana mchana mabati ya chumba chake yaligeuka kikaango. Nilipotoka sokoni nilimkuta Mchele amelala kifudifudi, miguu imetawanyika, anahema kwa mdomo. Kunde hakuinua hata kichwa. Niliwalowesha maji masikioni kwa kidole, nikawapepea kwa sahani. Nyumba hii ina chumba kimoja tu chenye ubaridi, na mnakijua.

Nilijiambia kizimba kimefungwa. Dawa ya panya iko pembeni kwenye visahani vyake, kama ninavyoiweka kila maharagwe mapya yanapoingia, na haya kutoka mashamba ya Mata yaliingia Ijumaa. Wao ndani, dawa nje. Niliona nimetumia akili.

Asubuhi nilifungua mlango wa stoo nikaona unga chini. Unga mweupe mweupe, laini, nikadhani gunia limepasuka. Ulikuwa ni mkonge. Mti mmoja umegugunwa kwa ndani mpaka nje, tundu la duara safi kana kwamba fundi alipima. Mchele alikuwa amejikunyata kwenye chumba cha kulala. Kunde hakuwemo.

Magunia yalikuwa yamejaa mpaka karibu na dari. Visahani vya dawa viko kila pembe. Nilisimama pale mlangoni na sikuweza kuita, maana panya unamwita vipi?

Baba Wakesho alikuwa tayari amevaa shati la kanisani. Nilimweleza, naye akavuta pumzi kama mtu anayetafuta maneno ya upole. Akasema wapo wengi humo, mmoja zaidi si neno, tutamwambia mtoto amekufa kwa joto. Kisha akaniona nikiokota visahani vya dawa, kimoja baada ya kingine, navitia kwenye mfuko.

"Hayo maharagwe ndiyo msimu wetu wote," akasema. "Yakitobolewa, usinililie mimi."

Nikamwambia sitamlilia. Akaenda kanisani peke yake, na mimi mwenye kuongoza sauti ya pili kwenye kwaya nikabaki nimeinama nyuma ya magunia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini waliosema hivyo hawakusema kiuno kinauma kiasi gani.

Kisahani cha mwisho kilikuwa nyuma ya mahindi. Dawa yake ilikuwa imeng'atwa.

Kidogo tu. Pembe moja ya kipande, alama za meno mbichi kabisa. Nilikaa chini nikakitazama. Meno ya panya wa stoo na meno ya Kunde ni meno mamoja, hakuna wa kunitofautishia. Nitasema kama nilivyosikia: niliogopa kama vile ningeambiwa mtoto wangu amekunywa mafuta ya taa. Nikajikasirikia kwa kuogopa hivyo, kisha nikaendelea kuogopa.

Nilihamisha magunia. Mengine niliyaburuta mpaka uani, mengine niliyashindwa nikayasukuma kwa mgongo. Gauni la kitenge nililovaa kwa ajili ya ibada limeraruka kwapani. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tunahama. Sikumjibu vizuri, nitamwomba radhi.

Kisha nikaacha kutafuta. Nilikumbuka Wakesho aliwahi kuniambia kwamba hawa hawawezi kukaa mmoja mmoja, wanatafutana. Nikasogeza kizimba katikati ya stoo, nikaziba lile tundu kwa kopo, nikaegemeza mlango wa stoo. Nikaketi kando nikiwa na ufagio magotini. Kwa mbali spika za makanisa zilikuwa zinashindana. Mchele akapanda ghorofani, akasimama kwa miguu ya nyuma, pua inacheza.

Nilisikia miguu. Kila mwenye stoo anaijua sauti hiyo, inakwaruza roho. Ilitoka upande wa mahindi, ikanyamaza, ikaanza tena.

Aliyetoka hakuwa Kunde. Alikuwa jitu la kijivu, mkia mnene, mmoja wa wale wale waliokula jasho langu. Akapita mbele ya miguu yangu, polepole, kama mwenye hati ya kiwanja. Ufagio ulikuwa mkononi. Nimeua wengi wa aina yake kwa ufagio huo huo na sijakosa mara nyingi. Lakini nikipiga, kishindo kitamrudisha Kunde ndani ya mahindi, na sitamwona tena. Nikabana ulimi kwa meno, nikamwacha apite. Akaingia nyuma ya maharagwe yangu ya Mata.

Sijui nilikaa muda gani. Miguu yangu yote miwili ilikuwa imekufa ganzi.

Kunde alikuja akiambaa ukuta, ana utando wa buibui usoni. Akafika kwenye kizimba, akaweka mikono yake midogo kwenye wavu wa mlango, na Mchele akashuka wakagusana pua. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sina kitu cha kumshikia. Siku zote huwa namhamisha kwa kopo au kwa beleshi la takataka, tena nikiwa nimegeuza uso. Beleshi lilikuwa uani.

Nikamshika kwa mikono. Alikuwa wa moto na mwepesi kuliko nilivyodhani. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu kwa kasi ambayo sikuweza kuihesabu, na hakuniuma.

Niliwaweka wote wawili kwenye sufuria kubwa ya pilau, nikafunika kwa kichujio cha unga na kuweka jiwe juu. Kisha nikampigia fundi. Alikuwa anatoka kanisani, kelele za watu nyuma yake. Nikamwambia nakitaka kile kizimba kipana, akivalishe wavu mdogo pande zote, sakafu aweke bati lililolazwa vizuri, leo leo. Akauliza hivyo vifaranga ni vya aina gani vinavyotaka wavu wa namna hiyo.

"Si vifaranga," nikasema. "Ni panya. Panya wangu."

Kisha akauliza kama nataka mlango wa mbele au wa juu, nikasema wa mbele, mkubwa, mkono wote uingie. Yule mtu hakucheka. Au alicheka baada ya kukata simu, ni haki yake.

Daktari wa mifugo aliyewahi kutibu mbuzi wetu alipita na pikipiki yake alasiri. Aliitazama ile dawa, akatikisa kichwa. Ni ya kufanya damu iwe nyepesi, akasema, na haiui papo hapo, inangoja siku kadhaa. Panya aliyeila leo anaonekana mzima kabisa. Amempa Kunde sindano ndogo ya vitamini ya kugandisha damu, na kesho atarudi. Amenionyesha jinsi ya kutazama masikio: yakiwa ya waridi, vizuri, yakianza kupauka, nimpigie hata saa mbaya. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema hajui, na nilishukuru kwamba hakunidanganya.

Baba Wakesho aliporudi alikuta nusu ya magunia yako uani juani. Alisimama akiwa na Biblia kwapani. Nilimwambia kizimba kipya kinangoja kwa fundi, nikajitayarisha kwa vita. Akaenda kubadilisha shati, akaazima mkokoteni wa jirani, na akarudi nao ukiwa na kizimba cha chuma, bado kina harufu ya moto. Tumekibeba pamoja mpaka chumbani kwetu, ambako dirisha linapitisha hewa jioni, na amekining'inizia shuka lenye maji upande wa jua. Hamna nafasi ya kupita mpaka kwenye kabati. Tutapita juu ya kitanda.

Wakesho anashuka kesho. Ningeweza kungoja. Ningeweza kumwonyesha kizimba kipya kwanza, afurahi, halafu nione masikio yanasemaje. Nilishika simu nikaiweka chini, nikaishika tena, na mwishowe nikampigia kabla jua halijazama.

Nilimwambia yote. Stoo, mkonge, kisahani, alama za meno. Upande wa pili niliisikia redio ya nyanya yake, na pumzi ya mtoto wangu, basi. Nikangoja aniambie kwamba alinionya.

"Ulimshika kwa mkono?" akauliza.

"Kwa yote miwili."

Akalia kidogo. Kisha akasema, "Basi kaa naye, Mama. Usimwache peke yake mpaka nije."

Kwa hivyo nimekaa. Mchele amelala ghorofa ya juu. Kunde amekuja chini, kwenye pembe iliyo karibu na goti langu, na nimempenyezea kidole akakinusa. Nawasha taa ya simu kila mara kutazama masikio yake. Ni ya waridi. Nadhani ni ya waridi.

Sijui Mungu anayapokeaje maombi ya muuza nafaka anayemwombea panya. Nimeomba hivyo hivyo.