Fimbo ya Mzee Yotamu

Mwanjelwa, Mbeya
9 Machi 2025

Dada Faustina,

Kamwene. Mimi mzima, watoto wazima, bucha inauza. Nawe huko Igowole na mvua hizo, magoti yanasemaje? Njegere zimekubali?

Naandika barua kama mtu wa zamani kwa sababu simu sina. Nilimpiga nayo Amos mdomoni, simu ikapasuka na mdomo ukapasuka. Ameshonwa nyuzi tano. Amos ndiye mpima damu wa kliniki yetu ya sukari. Nimelala mahabusu siku mbili na kesi bado ipo. Usianze kulia, nisikilize kwanza.

Unajua nilivyopigana na hii sukari. Miaka mitatu sijagusa soda. Ugali nimeacha, wali nimeacha, ulanzi wetu wa mianzi naujua kwa harufu tu. Kipimo cha miezi mitatu kinasoma sita nukta mbili, na wagonjwa wenzangu walinipigia makofi kliniki nzima. Nakula nyama yangu tu: nundu, mbavu, na supu ya kongoro asubuhi. Sasa huyu Amos kila nikienda ananiletea karatasi ya kolesteroli, hayo mafuta ya kwenye damu. Agosti tano nukta nane. Desemba sita nukta saba. Safari hii saba nukta sita. Nikamwambia umechanganya damu yangu na ya mtu mwingine, maana mimi ndiye mgonjwa wao wa mfano. Akasema, "Damu haidanganyi, mzee." Nilimpiga mara nne kabla hawajanishika.

Nilipotoka mahabusu Daktari Alinanuswe aliniita. Mama mpole, hakunigombeza. Alisema sukari ni mwizi mmoja na mafuta ni mwizi mwingine, nimemkamata wa kwanza huku wa pili namlisha nundu. Akanipa vidonge. Kisha akaniuliza baba yangu alikufa na nini. Nikamjibu alilishwa sumu, akiwa na miaka arobaini na nne. Akauliza alianguka vipi. Nikasema alishika kifua. Mama wa watu akaandika, akasema nimletee ndugu wa damu naye apimwe.

Ndugu niliyebaki naye ni wewe. Dada, nakukataza. Usipime.

Mdogo wako,
Sosthenes

* * *

Igowole
30 Machi 2025

Mdogo wangu Sosthenes,

Kamwene, kama bado unastahili salamu. Mimi mzima, magoti yanauma lakini yananibeba. Njegere zimekubali. Nimempa Veneranda debe zima, anakuja Mwanjelwa na viazi vyake, na barua hii kashika yeye. Tafadhali usimpige Veneranda.

Mjinga mkubwa wewe! Mtu anakusomea karatasi, unamshonesha nyuzi? Na simu imekufa kwa ajili ya nini? Tangu utoto ni hivyo hivyo, ukiumia unatafuta wa kumuumiza. Hasira hasara, mama alituimbia mpaka akaingia kaburini, na wewe ulikuwa unatafuna tu mahindi.

Sasa nisikilize na mimi. Babu Kalinga alianguka kwenye chai, kikapu mgongoni, ana miaka arobaini na sita. Wachumaji wenzake walisema alishika kifua. Shangazi Paskalina alianguka njiani akitoka kanisani, hata hamsini hajafika. Naye kifua. Babu alilishwa sumu na nani? Na shangazi je, nani alimlisha sumu kwenye ibada?

Hilo swali limenikaa kooni wiki mbili. Wewe una miaka thelathini na tisa. Piga hesabu mwenyewe umebakisha mingapi kufika umri wa baba. Naenda Iringa kupima, na sikukuomba ruhusa.

Meza vidonge. Nundu uza, usile.

Dada yako,
Faustina

* * *

Mwanjelwa
14 Aprili 2025

Faustina,

Salamu sina.

Ukipima usiniite mdogo wako tena. Nitakuja Igowole nikuvunje hiyo miguu unayolalamikia, Mungu ananisikia.

Unajua unachokichokonoa? Baba alikunywa ulanzi barazani kwa Yotamu, rafiki yake wa tangu wanachunga mbuzi, akaanguka na kikombe mkononi, akafa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulikwenda vijana tisa, lakini mpini wa shoka nilishika mimi. Goti lake lilipasuka kwa pigo la pili, nililisikia. Alikuwa ananiita mwanangu. "Sosthenes mwanangu, sikumpa kitu." Nikampiga usoni ili anyamaze, jicho likaharibika pale pale, na bado akaniita mwanangu. Nikapiga tena. Nyumba tukaichoma na mahindi ndani. Hakuna aliyekamatwa, maana kijiji kizima kilikuwepo na kila mtu alikuwa ameshika kitu.

Miaka ishirini na miwili nalala usingizi kwa sababu moja tu: yule mzee alimuua baba yangu. Sasa Amos na karatasi yake, na wewe na babu yako wa kwenye chai, mnaniambia baba aliuawa na damu yake mwenyewe. Basi mimi ni nani, Faustina? Niambie wewe mwenye akili.

Vidonge nimevimwaga kwenye mfereji wa bucha. Jana mteja alinitania, ati mgonjwa wa mfano umepigwa chini, nikamrushia kisu cha kuchunia. Kilimpita sikioni kikakita kwenye mlango. Nikibeba paja la ng'ombe siku hizi kifua kinabana mpaka mkono wa kushoto unakufa ganzi. Uchovu tu.

Sosthenes

* * *

Ipogolo, Iringa
11 Mei 2025

Mdogo wangu Sosthenes,

Nakuita mdogo wangu, njoo univunje hiyo miguu. Kamwene. Huo siyo uchovu. Nasema tena, huo siyo uchovu, nenda hospitali leo.

Nimepima. Nane nukta tatu. Mimi! Kilo arobaini na tisa, mla kande na majani ya maboga, nyama naiona Krismasi na Pasaka. Sukari sina hata chembe. Wamenieleza taratibu kwamba nundu imekuongezea, ndiyo, lakini chanzo ni cha ukoo, tumezaliwa nacho. Kinaziba mishipa kimya kimya, na siku moja mtu anashika kifua. Nimeanza vidonge siku ile ile.

Sasa ya kwangu. Unasema mpini ulishika wewe. Yowe nilipiga mimi. Nilifika wa kwanza, nikamkuta baba chini na Yotamu kapiga magoti anamwita jina lake, analia. Sikuona sumu. Sikuona kitu chochote, Sosthenes. Nilitaka tu awepo wa kulaumiwa, nikapiga yowe kwamba Yotamu kamuua baba. Mlikuja kwa sauti yangu. Sijawahi kumwambia mtu, hata padri.

Ndiyo maana niko Ipogolo. Mzee Yotamu anaishi kwa binti yake Anjela, karibu na barabara kuu. Nikampigia magoti, nikamwambia yote. Akataka karatasi ya vipimo isomwe. Anjela akaisoma. Akasema, "Soma tena." Ikasomwa tena. Kisha akanyanyua fimbo akanipiga begani, mkononi, mgongoni, mkononi tena. Anjela alikimbilia kumshika, nikamwambia mwache baba yako. Alinipiga mpaka pumzi ikamwishia. Mkono huu ninaoandikia umevimba kama kiazi, ndiyo maana mwandiko ni huu.

Alipotulia akauliza, "Na yule wa mpini?" Nikamwambia kifua kinambana na dawa kamwaga mferejini. Jicho lake moja likanikodolea. Kisha akanipa fimbo. "Mpelekee. Airudishe kwa mkono wake."

Nimeifunga kwenye kiroba nimempa konda wa basi la Mbeya pamoja na barua hii. Na ujue kitu kimoja. Lile goti halijapona hadi leo, bila fimbo mzee hafiki hata chooni. Anjela alitaka kumnunulia nyingine, kakataa. Anakaa kwenye kiti barazani anakusubiri wewe.

Sikio la kufa halisikii dawa. Sikia basi.

Dada yako,
Faustina

* * *

Ipogolo, Iringa
29 Juni 2025

Dada yangu Faustina,

Kamwene dada. Mkono umepona? Mimi nipo hai, na safari hii naliandika neno hilo nikijua maana yake.

Nisamehe kwa ukimya. Fimbo yako niliificha nyuma ya mlango wa bucha wiki tatu nzima. Nilikuwa nafungua bucha naiona, nafunga naiona. Siku moja nikaishika nikanuia kuichoma. Nikanyanyua kwanza paja la ng'ombe la mteja, nikaanguka nalo. Sikumbuki kilichofuata. Hospitali wamenipima moyo wakasema mshipa mmoja umebakiza njia nyembamba sana, na ningechelewa ningeenda na baba. Daktari Alinanuswe alikaa kitandani kwangu akasema, "Sukari umeiweza, kaka. Mtu anayeweza sukari hashindwi hiki." Nikalia mbele za watu, dada. Mimi!

Nilipotoka nilimwendea Amos, nikamwangukia miguuni palepale maabara. Kasema kesi ataifuta ila nisimkaribie na simu. Sijanunua nyingine. Ikiwa mkononi sijiamini.

Kisha nikapanda basi na fimbo.

Mzee alikuwa barazani kama ulivyosema. Majuma sita Anjela anambeba. Nikaiweka fimbo kwenye mapaja yake, nikapiga magoti. Akanipapasa uso mzima, taratibu, akauliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi, baba. Akanipiga. Dada, yule mzee ana mkono! Nilitarajia kichwani, lakini alitafuta goti, la kulia kama lile nililomvunja, akalipiga bila haraka mpaka nikapiga kelele. Nilipoinama akahamia mgongoni. Majirani wakajaa uani, wengine wakasema muueni mwizi, Anjela akawafukuza. Sikunyanyua mkono hata mara moja. Mwisho fimbo ikavunjika mgongoni mwangu vipande viwili.

Akahema. Akasema, "Dawa umemeza leo?"

Nikasema bado.

"Meza."

Anjela akaleta maji, nikameza damu ya ulimi nilioung'ata pamoja na kidonge. Nikamuuliza, baba, umenisamehe? Akakasirika upya.

"Nani kasema habari za kusamehe? Meza kila siku. Ukifa nitamchukia nani?"

Basi ndiyo hivyo. Kopo la vidonge kalishika yeye, ananigawia kimoja kila jioni na kuniamuru nipanue mdomo aone kama nimemeza. Nakula mboga za Anjela na samaki, nyama kidogo isiyo na mafuta. Bucha anauza Adrian, binamu wa mke wangu. Nilipanga kurudi siku ya pili yake, lakini fimbo imevunjika na mzee hana pa kushika. Asubuhi nampeleka chooni. Jumapili nilimpeleka kanisani, mimi nachechemea na yeye anachechemea, watu wametukodolea macho barabara nzima. Ananishika bega, na anajua palipovimba, anapaminya hapo hapo makusudi. Leo kaniita mwanangu kwa bahati mbaya, akatema mate chini, akasema nisahau.

Wiki iliyopita Anjela alinionyesha mti mzuri wa kuchonga fimbo, nyuma ya nyumba, umenyooka na hauna fundo. Panga ninalo.

Sijaukata.

Mdogo wako,
Sosthenes